Mbona haunukii? Kemia ya mshumaa wa manukato darasani

Mshumaa wa kwanza tuliotengeneza na wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza ulinukia vizuri mpaka tulipouwasha. Ulikuwa ndani ya kopo la nyanya, mweupe pee, na ukiusogeza puani unasikia pafyumu ambayo mmoja wao aliichota kwenye chupa ya dada yake bila ruhusa. Kiberiti kilipougusa mambo yakageuka. Ulitatarika kama mafuta yenye maji kwenye kikaango, ukatoa moshi mweusi, kisha utambi ukainama, ukazama kwenye nta na kuzimika. Darasa zima likanuka kitambaa kilichoungua.

"Mwalimu, mbona haunukii?"

Nilikuwa nimepanga kipindi pacha cha dakika 80, kazi za mikono tu, watoto wafurahi na kila mmoja aondoke na mshumaa wake. Swali lile likala vipindi vitano, na sijutii hata kimoja. Kitabu chao cha kemia kimeandikwa kwa Kiingereza, lakini mabishano yote yalikwenda kwa Kiswahili, na ndiyo maana yalikuwa mabishano kweli.

Wengi tunadhani mshumaa wa manukato ni mshumaa wa kawaida uliotiwa harufu. Sivyo. Ndani yake kuna ugomvi: moto hula kila kinachoweza kuungua, na harufu nayo ni kitu kinachoungua. Mtengenezaji kazi yake ni kuamua ugomvi huo. Unene wa utambi, upana wa kopo, aina ya mafuta, joto la kumiminia, vyote hivyo vinatokana nao.

Nini hasa kinachoungua?

Waulize watoto swali hilo kabla hujawasha jiko. Nusu watajibu utambi, nusu watajibu nta. Washa mshumaa wa kawaida, uache uwake dakika mbili, uupulize uzimike. Kabla ule moshi mweupe haujatoweka, sogeza njiti inayowaka ndani ya moshi, sentimita mbili hivi juu ya utambi. Mwali utashuka kwenye moshi na kuuwasha utambi bila njiti kuugusa. Wangu walipiga kelele mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia. Michael Faraday aliwaonyesha vijana wa London jambo hilihili katika mihadhara yake sita ya Krismasi ya 1860 na 1861, yote ikihusu mshumaa peke yake. Sita! Nami nilijiona nimepoteza muda kwa vitano.

Moshi ule mweupe ni nta yenyewe. Iliyeyuka, ikapanda utambi, ikageuka mvuke, na mwali ulipoondoka ikaanza kuganda hewani ikiwa matone madogo mno. Kinachoungua kwenye mshumaa ni mvuke wa nta. Haidrojeni na kaboni zilizomo huungana na oksijeni ya hewa, zikatoka kama mvuke wa maji na kabonidioksidi. Utambi ni ngazi. Nta hupanda kwenye nyuzi zake kama chai inavyopanda kwenye andazi ulilochovya ncha tu. Asiyeamini apewe bonge la nta lisilo na utambi na kiberiti kizima, ajaribu kuliwasha.

Sasa tia mafuta ya karafuu kwenye nta hiyo. Sehemu ya mafuta itakayopanda utambi itaingia kwenye mwali wenye joto linalozidi nyuzijoto 1,000. Huko eujenoli, ile kemikali inayoipa karafuu harufu yake, itaungua sawasawa na nta. Hapo ndipo darasa liliponyamaza kidogo. Kumbe mwali hautoi harufu, unaila. Basi ile tunayoisikia inatoka wapi?

Jibu liko chini ya mwali

Utazame mshumaa uliowaka nusu saa. Utambi umezungukwa na kidimbwi cha nta iliyoyeyuka. Juu ya kidimbwi hakuna moto, kuna joto la kiasi tu, na mafuta ya harufu yaliyomo hujinyanyua kidogokidogo kuwa mvuke na kusambaa chumbani kabla mwali haujayafikia. Mshumaa hunukia kwa kidimbwi chake. Kidimbwi kipana, harufu nyingi. Kidimbwi kama kifungo cha shati, hupati kitu.

Ndiyo maana ile mishumaa myembamba ya kuwashia umeme ukikatika haifai kwa kazi hii hata uitie karafuu gunia zima. Kidimbwi chake ni kidogo, na kikijaa humwagika ubavuni. Mshumaa wa manukato huwekwa kwenye kikombe au kopo ili nta iliyoyeyuka ibaki mahali pake. Watu hudhani kile kikombe ni pambo.

Tuliendelea kwa jaribio ambalo ningemshauri mwalimu yeyote alifanye hata akiacha mengine yote. Vikombe vitatu vya glasi vinavyolingana, nta ileile, mafuta yaleyale. Tofauti ni utambi tu: mmoja wa nyuzi tatu, wa pili wa nyuzi sita, wa tatu wa nyuzi tisa. Viliwashwa pamoja, na kila baada ya robo saa mwanafunzi akapima upana wa kidimbwi kwa rula, akiishika juu ya kikombe bila kukigusa. Utambi wa nyuzi tatu ulichimba kisima katikati, nta ya pembeni ikabaki ngumu kama ilivyo, na mwisho mwali ukafa maji. Wa nyuzi tisa ulifika ukingoni upesi, lakini mwali wake ulikuwa mrefu, unacheza, na mdomo wa glasi ukawa mweusi. Ule weusi ni masizi, yaani kaboni iliyokosa oksijeni ya kutosha. Wa nyuzi sita ulikwenda taratibu na mwali uliotulia. Watengenezaji wana kanuni yao: kwa kila sentimita 2.5 za upana wa kikombe, kipe kidimbwi saa moja kufika ukingoni. Kikombe chetu kilikuwa na sentimita 6 na kitu, na wa nyuzi sita ulichukua saa mbili na nusu, karibu kabisa na kanuni.

Kuhusu utambi wenyewe, usuke, usiusokote. Zamani tambi zilisokotwa, zikasimama wima katikati ya mwali ambako oksijeni haifiki vizuri, ncha ikageuka mkaa, na mtu akawa na kazi ya kuikata kwa mkasi kila mara. Mfaransa aitwaye Cambacérès alibadilisha hilo mwaka 1825 kwa kusuka. Utambi uliosukwa hujipinda ukiwaka, ncha yake ikatokeza ubavuni mwa mwali, ikapata hewa na kuwa majivu. Wasichana wa darasa langu walisuka tambi zote kwa dakika kumi huku wavulana wakihangaika na fundo la kwanza.

Uzi uwe wa pamba. Muuzaji atakwambia wowote ni pamba, kwa hiyo choma ncha. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Nailoni hujikunja, ikayeyuka, ikaacha tone gumu, na hilo tone haliwezi kunyonya nta. Utambi wa kopo letu la nyanya ulikuwa nailoni. Hiyo ilikuwa nusu ya msiba wetu.

Nusu nyingine ilikuwa ile pafyumu

Pafyumu ya kupuliza ni alkoholi kwa wingi, maji kidogo, na mafuta ya harufu kidogo. Nta ni ya ukoo wa mafuta, na mafuta hupokea mafuta wenzake. Maji hayapokei: hushuka chini ya nta yakakaa kama shanga, na siku mwali ukiyafikia yanageuka mvuke kwa ghafla. Kule kutatarika kote kulikuwa maji. Alkoholi ni mbaya zaidi. Huchemka kwenye nyuzijoto 78, na mvuke wake hushika moto hata kwenye joto la kawaida la chumba, kwa hiyo kuimimina kwenye nta ya moto karibu na jiko ni kuchezea ajali. Siku ile tulikuwa na bahati, na niliwaambia hivyo bila kuficha.

Rangi ya keki hugoma kwa sababu ileile, kwani nyingi ni za maji. Kalamu za nta za kuchorea huyeyuka vizuri na kuwadanganya walimu wengi, lakini rangi zake ni chembechembe ngumu ambazo huziba utambi. Mshumaa mweupe haujamkosea mtu.

Kinachotakiwa ni mafuta halisi ya mmea: karafuu, mchaichai, mkaratusi, mdalasini. Hapa historia na jiografia zinaingia zenyewe bila kualikwa. Pemba, pale Wawi karibu na Chake Chake, kuna kiwanda cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar kinachokamua mafuta kutoka kwenye makonyo, yaani vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Mvuke wa maji hupitishwa kwenye makonyo, ukabeba mafuta, ukapozwa, na maji na mafuta yakatengana. Mtoto aliyekwisha kuona shanga za maji chini ya nta anaelewa mara moja kwa nini yanatengana.

Binti mmoja alitaka asumini. Wazo zuri, na linagonga mwamba. Harufu ya asumini haivumilii mvuke wa moto, hivyo haikamuliwi kwa njia ya Wawi. Wafaransa wa Grasse, mji wa watengeneza manukato, walikuwa wakiyatandaza maua kwenye mafuta ya mnyama yaliyoganda, mafuta yakanyonya harufu, na maua yakabadilishwa siku baada ya siku. Tulijaribu kwa mafuta ya nazi na tukapata kitu cha kupaka nywele, kizuri kabisa. Mshumaa hakikuwa: mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 hivi, na sisi tuko Tanga.

Neno moja kuhusu video zinazoonyesha mishumaa iliyopambwa kwa maua makavu na vijiti vya mdalasini ndani ya nta. Kila kipande kikavu kinachogusa kidimbwi ni utambi wa pili. Ukipata moto, una miali miwili kwenye kikombe kimoja, na glasi inaweza kupasuka. Viungo vikae nje ya kikombe, vifungwe kwa uzi.

Joto, na fujo iliyozaliwa na namba moja

Nta iyeyushwe kwenye chombo kilichokaa ndani ya sufuria ya maji, kamwe si juu ya jiko moja kwa moja. Sababu ni hesabu ya kawaida: maji yanayochemka hayapandi kupita nyuzijoto 100, kwa hiyo nta iliyo juu yake haiwezi kupita hapo, nayo nta ya parafini huanza kutoa mvuke unaoshika moto kwenye kama nyuzijoto 200. Maji ni mlinzi asiyelala, mradi yasikauke. Walioko Arusha, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, watakuta maji yao yanachemka kwenye 95 hivi. Watoto wa kule wapime wenyewe, ni somo la fizikia la bure.

Nasisitiza kwa kuwa niliwahi kugeuka dakika moja kuandika ubaoni, nikarudi nikakuta kundi moja limeondoa sufuria ya maji "ili iwahi". Nta ilikuwa inafuka. Kijana mmoja alikuwa tayari na kikombe cha maji mkononi. Nilifunika chombo cha nta kwa mfuniko na kukiondoa jikoni, kisha nikakaa chini kwanza. Maji yakianguka kwenye nta inayowaka huzama, yakageuka mvuke unaochukua nafasi kama mara 1,700 ya maji yenyewe, na mvuke huo hurusha nta ya moto huku na huku. Moto wa nta huzimwa kwa mfuniko au mchanga. Tangu siku hiyo ndoo ya mchanga inakaa mbele, kumimina ni kazi yangu peke yangu, na kwa darasa la msingi ningeshika pia uyeyushaji wote, watoto wabaki na kusuka, kupima na kuandika.

Baada ya nta kuyeyuka kunakuja swali la lini kutia mafuta ya harufu, na hapa watu wamevurugana. Kila mafuta yana joto ambalo mvuke wake unaweza kushika moto ukikutana na mwali. Mafuta ya maganda ya machungwa yako chini sana, karibu nyuzijoto 48. Wengi husoma namba hiyo wakadhani kuyatia kwenye nta ya 70 ni "kuunguza harufu". Hapana. Namba ile inahusu hatari ya moto, haihusu nguvu ya harufu. Pasipo mwali hakuna kinachoungua, ila harufu kidogo itaruka hewani, nayo huruka hata ukiacha chupa wazi. Utaratibu wetu ni huu: jiko linazimwa kabisa, chombo kinahamishiwa meza nyingine, kipimajoto kikishuka hadi 70 tunatia mafuta, tunakoroga dakika mbili polepole, tunamimina. Koroga kwa subira. Mafuta yasiyochanganyika hukusanyika chini, na utakuwa na mshumaa unaonukia siku ya mwisho ya maisha yake tu.

Asilimia sita ya nini?

Mafuta ya harufu huwa kati ya asilimia 3 na 10 ya uzito. Tulichagua 6. Kikombe chetu kinapokea gramu 150. Kundi la kwanza likapima nta gramu 150, likaongeza mafuta gramu 9, likafurika. Kundi la pili likapima mafuta gramu 9 na nta gramu 141, likatosha. Wote wamefanya asilimia sita, wote wanaona wenzao wamekosea, na walibishana mpaka kengele ikalia. La kwanza lilitafuta asilimia ya nta; kwenye jumla yake ya gramu 159 harufu ni asilimia 5.7. La pili lilitafuta asilimia ya jumla. Sijawahi kupata mfano bora wa kumfundisha mtoto kuuliza "asilimia ya nini?"

Kuongeza mpaka 15 hakusaidii, kama waliodhani "zaidi ni bora" walivyogundua. Nta ina kikomo cha kushika mafuta. Yanayozidi hutoka jasho juu ya mshumaa, na mengine huingia utambini na kuongeza moshi.

Ukimaliza kumimina utaona shimo likijitokeza kando ya utambi kadiri nta inavyopoa. Watoto hudhani wameharibu. Wape kipande cha nta ngumu wakidondoshe kwenye nta iliyoyeyuka: kitazama. Kisha wadondoshe barafu kwenye maji: itaelea. Maji hutanuka yakiganda, nta hujikaza, na kwa kuwa ya pembeni huganda kwanza, upungufu wote hujitokeza katikati. Bakiza nta kidogo, ujazie shimo saa moja baadaye. Basi.

Nta ya nyuki nayo ni nzuri, na anayeweza kuipata kutoka Tabora aijaribu. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 na huwaka polepole, ila ina harufu yake ya asali ambayo haikubali kila mgeni. Karafuu inapatana nayo. Mkaratusi hapana, kwa pua yangu.

Lililotushinda kwa muda mrefu lilikuwa kupima harufu. Uzito una mizani, joto lina kipimajoto. Harufu ina pua, na pua huchoka: ukikaa na karafuu dakika kumi huisikii tena, ukaapa kwamba mshumaa ni mbovu. Waliotengeneza hawawezi kuwa mahakimu. Kwa hiyo tuliwasha mshumaa mmoja kwa siku, madirisha wazi kwa ajili ya wenye pumu, tukachora mistari ya chaki sakafuni kila mita moja hadi nje barazani. Mtu asiyejua chochote anaitwa kutoka mbali, anatembea kuelekea mlangoni, na anasema anapoanza kusikia kitu.

Siku ya mshumaa wa mchaichai hatukuhitaji kumwita mtu. Mpishi wa shule alikuwa anapita na ndoo yake, akasimama barazani akauliza nani anachemsha chai saa nne hii na hajamwalika. Katibu wa kundi akainama kutazama mstari wa chaki, akaandika: mita saba.